Kukata na Kuchomelea Upya Sampu ya Toyota 3L Ili Ikae Ndani ya Land Rover Series III: Mwongozo Kamili

Wamiliki wengi wa Land Rover Series III wanaoamua kuweka injini ya dizeli ya Toyota 3L hukwama mahali pamoja. Injini inaingia, boneti inafunga, giaboksi inakubali, kisha gari likiingia kwenye shimo la kwanza ekseli ya mbele inapanda na difu (kibuyu cha gia kilicho kwenye ekseli) inaigonga sampu, yaani kontena la oili lililo chini ya injini. Wanaojaribu kukata sampu nao hurudi karakana na moja ya matatizo matatu: ukingo wa sampu umepinda kwa moto na oili inavuja, strena ya oili (chujio la wavu kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea oili) imekaa vibaya na taa ya oili inawaka mlimani, au nafasi iliyoonekana gari likiwa limesimama imepotea gari lilipoanza kutembea.

Mwongozo huu unahusu sampu ya bati la chuma. Sampu ya aluminiamu inataka fundi na mashine ya aina nyingine, na hatua za moto zilizoelezwa hapa zitaiharibu. Anayeweka Isuzu 4JB1 au Nissan TD27 anaweza kufuata utaratibu huuhuu, mradi vipimo vyote avichukue kwenye gari lake mwenyewe.

Vifaa vinavyohitajika

Kwa kupima, andaa rula ya chuma, kalipa, fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya), kadibodi, kalamu ya kuchorea chuma, na donge la unga wa ngano uliokandwa kwa maji machache kama wa chapati. Unga huo ndio utakaokuonyesha nafasi ambazo macho hayafiki.

Kwa kukata na kuchomelea, andaa grainda yenye diski nyembamba ya milimita 1, bati la chuma la milimita 1.5 au 2, mashine ya kuchomelea ya MIG (inayojilisha waya yenyewe) yenye waya wa milimita 0.8, brashi ya waya, na bamba nene la chuma la milimita 10 au bloku mbovu ya injini ya aina hiyohiyo. Asiye na MIG anaweza kutumia mashine ya kawaida ya umeme na fimbo za milimita 2, ila ajiandae kutumia muda mrefu kusafisha mabaki ndani ya sampu.

Kwa kujaribu na kufunga, andaa chaki au chokaa laini, mafuta ya taa, silikoni ya injini isiyodhuriwa na oili, chujio jipya la oili, oili ya kutosha kumwaga mara mbili, na geji ya kupimia presha ya oili moja kwa moja kutoka kwenye bloku. Stendi imara za chesisi ni za lazima, kwa kuwa kazi kubwa utaifanya ukiwa chini ya gari na jeki peke yake haiaminiki.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba kukata kunahitajika

Injini za Toyota za familia ya L zilifungwa kwenye magari mengi, na maumbo ya sampu zake hutofautiana kulingana na gari. Kabla ya kuwasha grainda, zunguka kwa wauza vipuri vilivyotumika ukiwa na kiolezo cha kadibodi cha umbo unalolihitaji, ukatafute sampu ambayo kina chake kiko nyuma badala ya mbele. Ukiipata, nunua pamoja na bomba lake la kunyonyea oili na dipstiki yake, kwa sababu vitu hivyo vitatu ni familia moja.

Njia mbili za mkato zikatae mapema. Ya kwanza ni kuigonga sampu kwa nyundo hadi ibonyee, kwani mbonyeo unaweza kuifikia strena au kuukaribia mkono wa konrodi bila wewe kuuona. Ya pili ni kukata boriti ya chesisi au kusaga nyumba ya difu. Sampu ni kontena la oili tu, ilhali hivyo viwili hubeba uzito wa gari na watu waliomo.

Hatua ya 2: Iweke injini mahali pake pa mwisho

Funga injini ikiwa na bamba la kuunganishia giaboksi, klachi, giaboksi yenyewe na mauntingi (vikalio vya injini) zile zitakazobaki ndani ya gari. Bamba likiongezeka unene kwa milimita 20, injini nzima husogea mbele milimita 20 na sampu huenda nayo, hivyo vipimo vilivyochukuliwa kabla bamba halijapatikana ni kazi bure. Ukitumia mauntingi za zamani zilizolegea utapata kosa hilohilo kwenye kimo.

Weka rejeta, feni na usukani mahali pake. Funga boneti na uhakikishe kwamba haigusi kitu. Watu wengi hukata sampu kwanza, kisha wanagundua kwamba boneti inagusa, wanaishusha injini milimita 15, na kazi yote inaanza upya.

Ukifika hapa, chukua kipimo cha mlalo na uandike injini imeinama kiasi gani kutoka mbele kwenda nyuma. Utakihitaji katika Hatua ya 4.

Hatua ya 3: Pima ekseli ikiwa imepanda kabisa

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo usiiharakishe.

Gari la kwanza nililolifanyia kazi hii lilikuwa na nafasi ya kupitisha vidole viwili kati ya difu na sampu, nami nikaridhika. Lilipotoka kwenye njia ya vumbi ya kuelekea Loliondo na kurudi, nilikuta chini ya sampu alama inayong'aa, yenye ukubwa wa kucha ya dole gumba, mahali ambapo rangi ilikuwa imekwanguliwa hadi chuma kikawa cheupe. Sampu haikutoboka, lakini ilikuwa imebonyea hadi karibu kuigusa strena. Vidole viwili vile vilikuwa vya gari lililosimama kwenye sakafu ya saruji.

Inua gari, kalisha chesisi kwenye stendi, ondoa magurudumu ya mbele. Springi za Series III ni ngumu mno kubanwa kwa jeki bila gari lenyewe kunyanyuka kutoka kwenye stendi, na hiyo ni hatari. Kwa hiyo shikilia ekseli kwa jeki kila upande, legeza U-boluti, uondoe mabapa yote ya springi na kubakiza lile kubwa la juu peke yake, kisha uzirudishe U-boluti ili ekseli ipande na kushuka kwa wepesi. Ondoa pia shokomzoba.

Pandisha ekseli taratibu hadi iguse mpira wa stopa uliopo kwenye chesisi, halafu endelea kuipandisha hadi mpira uanze kubanwa. Mpira huo hubanwa sana gari likianguka shimoni na mzigo juu, kwa hiyo kuishia pale unapogusana tu hakutoshi.

Bandika donge la unga wenye unene wa sentimita 5 chini ya sampu, likiwa limefunikwa na nailoni ili lisigande, kisha pandisha ekseli, ishushe, na ukate donge kwa kisu kupima unene uliobaki. Rudia vipimo hivi katika hali tatu: ekseli yote ikiwa juu, upande wa kulia ukiwa juu na wa kushoto ukiwa chini, na kinyume chake. Difu ya mbele ya Series III haipo katikati. Imekaa upande wa kulia wa gari, na kwa kawaida hali ya pili ndiyo inayoleta nafasi ndogo kuliko zote.

Katika kila hali, zungusha usukani hadi mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, kisha zungusha propela shafti ya mbele kwa mkono. Propela shafti hiyo hupita kando ya injini upande wa kulia, na viungo vyake ni vipana kuliko bomba lake. Mwishoni ingiza mtaimbo kati ya injini na chesisi, uisukume injini kidogo kila upande, kwa kuwa injini ya dizeli hutikisika sana inapowaka na inapozimwa.

Kanuni yangu ni kubakiza milimita 25 kati ya sampu na difu mpira ukiwa umebanwa, na milimita 20 kati ya sampu na propela shafti. Ukipata pungufu ya hapo, kata. Ukipata zaidi, acha sampu kama ilivyo na uende moja kwa moja Hatua ya 9.

Hatua ya 4: Chora sehemu ya kukata na upige hesabu ya oili

Shusha sampu na uchore kwa kalamu sehemu inayopaswa kuondoka, ukiongeza milimita 5 kila upande kwa ajili ya mshono. Kisha jiulize oili kiasi gani itapoteza nafasi yake.

Chukua mfano wa kipande cha mbele chenye urefu wa sentimita 18, upana wa sentimita 16 na kina cha sentimita 4. Zidisha na utapata sentimita za ujazo 1,152, yaani zaidi ya lita moja. Injini ikikosa lita moja, oili iliyobaki hupata joto na kuchakaa haraka, na gari likiinama strena hubaki wazi. Oili hiyo lazima irudishiwe mahali pengine. Mfuko wa pembeni wenye urefu wa sentimita 18, upana wa sentimita 8 na kina cha sentimita 8 una ujazo huohuo kamili. Uweke upande wa kushoto, mbali na difu na propela shafti, baada ya kuhakikisha kwamba hapana bomba la eksosi wala boriti ya chesisi mahali hapo.

Mfuko huo uwe wote chini ya mstari wa juu wa oili, kwa kuwa sehemu iliyo juu ya mstari huo haihifadhi chochote. Ili kuupata mstari, ingiza dipstiki kwenye bloku sampu ikiwa imeshushwa, upime kutoka uso wa chini wa bloku hadi alama ya kujaa. Kalisha sampu ikiwa imeinama kama injini ilivyoinama ndani ya gari, mimina maji hadi usawa huo na uandike ni lita ngapi. Namba hiyo ndiyo utakayoitafuta tena sampu ikishamalizika. Usijaribu kufidia ujazo uliopotea kwa kuupandisha usawa wa oili, kwani krenki itaanza kuipiga, oili itatoa povu, na pampu itasukuma hewa.

Hatua ya 5: Safisha, kisha kata

Osha sampu kwa maji ya moto na sabuni kali mara mbili au tatu, uikaushe, halafu usugue eneo la mshono kwa brashi ya waya ndani na nje hadi chuma king'ae. Oili iliyobaki kwenye mikunjo ya bati huchemka chini ya moto na kuacha vitundu ndani ya mshono, na hivyo ndivyo vinavyovuja baadaye. Usitumie petroli. Usitumie pia dawa za kopo za kusafishia breki kabla ya kuchomelea, kwa sababu baadhi yake zina klorini, na zikipata joto la kuchomelea hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua.

Kama ndani kuna ukuta unaozuia oili kuyumba, ung'oe kwa uangalifu na uuhifadhi. Utarudishwa. Kata kwa diski nyembamba ukifuata mstari, na pembe zote zifanye mviringo, kwa kuwa bati hupasuka kuanzia kwenye pembe kali.

Hatua ya 6: Tengeneza vipande vipya na uchomelee

Funga sampu kwa boluti zake zote kwenye bamba la milimita 10 au kwenye bloku mbovu kabla ya kuchomelea hata nukta moja. Hatua hii ndiyo wengi wanayoiruka. Mshono unapopoa hujivuta, na ukingo usiposhikwa na kitu kizito hujikunja kama ukingo wa sufuria ya bati iliyoanguka.

Kata vipande vya bati kwa kutumia violezo vya kadibodi. Vinapaswa kukaa bila mwanya unaozidi milimita 1. Shikiza kwa nukta kila baada ya sentimita 3, kagua umbo, kisha chomelea vipande vifupi vya sentimita 2 ukihama kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili. Ukiweza kushika bati kwa kiganja karibu na ulipochomelea, umesubiri vya kutosha kuendelea.

Rudisha ukuta wa ndani. Kama boluti ya kumwagia oili imeondoka na kipande kilichokatwa, chomelea nati mpya mahali pa chini kabisa, boluti ikielekea nyuma ili mawe yasiing'oe. Usiusage mshono hadi usawa wa bati, kwani utaondoa chuma kilekile kinachozuia kuvuja.

Iache sampu ipoe kabisa ndipo uifungue. Ilaze ukingo wake juu ya kioo kinene na upitishe fila geji ya milimita 0.3 kuzunguka pande zote. Isipopita popote, umefaulu. Kama matundu ya boluti yamevimba kwa kukazwa miaka mingi, yanyooshe kwa nyundo ndogo juu ya chuma bapa.

Hatua ya 7: Pima kama inavuja

Paka mishono yote upande wa nje chaki iliyochanganywa na maji, iache ikauke iwe nyeupe, kisha mimina mafuta ya taa ndani hadi yafunike mishono. Subiri saa 2 angalau, na ukiweza acha hadi kesho yake. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo oili ingechelewa kupita, na tundu dogo kama ncha ya sindano litaonekana kama doa jeusi linalotanuka polepole kwenye weupe wa chaki.

Zungushia alama mahali penye doa, mwaga mafuta, safisha, kausha kabisa, chomelea, na uanze tena. Kupaka silikoni au gundi ya chuma kwa ndani ni kuahirisha tatizo: itabanduka na kwenda kuziba strena. Sampu iliyofaulu hubaki nyeupe yote.

Baada ya hapo rudia kipimo cha maji cha Hatua ya 4. Nakubali tofauti ya robo lita, si zaidi.

Hatua ya 8: Rekebisha strena

Kama hukugusa sakafu ya sampu, huenda strena iko sawa, lakini pima. Weka kidonge cha unga juu ya sakafu chini ya strena, funga sampu kwa boluti chache, ishushe na upime unga uliobanwa. Unapaswa kuwa kati ya milimita 6 na 10. Chini ya 6, pampu hunyonya kwa shida, hasa asubuhi ya baridi oili ikiwa nzito. Juu ya 10, strena hutoka nje ya oili mapema gari linapopanda mlima.

Bomba la kunyonyea likihitaji kufupishwa au kupindwa, mpe fundi wa gesi alilehemu kwa shaba, asilichomelee kwa umeme. Baada ya hapo lizibe upande mmoja, litumbukize majini na ulipulize. Kipovu kimoja kikitoka, lirudishe kwa fundi, kwa maana bomba hili likivuta hewa hakuna oili itakayodondoka chini kukuonya, na utakachosikia kwanza ni mlio wa beringi za konrodi. Weka gasketi mpya kwenye kiungo chake na urudishe kikono kinacholishikilia kwenye bloku, kwa kuwa bomba lisiloshikiliwa hupasuka kwa mtikisiko.

Hatua ya 9: Kagua sehemu nyingine zinazokaribiana

Chujio la oili litoke na kurudi bila kulazimika kushusha kitu kingine. Feni iwe mbali na rejeta kwa milimita 25 au zaidi. Eksosi isikaribie bomba la breki wala la dizeli, na pasipokuwa na namna, weka kinga ya bati kati yake. Kikono cha maunting kinaweza kusagwa pembe kidogo, lakini kisitobolewe.

Hatua ya 10: Funga na uweke oili

Injini nyingi za Toyota hufungwa sampu kwa silikoni bila gasketi. Futa nyuso zote mbili hadi zisiwe na utelezi, paka mstari mmoja usiokatika wenye unene wa milimita 4 hivi, ukipita upande wa ndani wa matundu ya boluti, na ufunge kabla silikoni haijaanza kujenga ngozi. Kaza kutoka katikati kwenda pembeni, kwa mzunguko zaidi ya mmoja, kwa spana fupi. Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Mimina oili kiasi kilekile ulichopata kwenye kipimo cha maji, na uongeze ya chujio. Dipstiki isome karibu na alama ya kujaa. Isiposoma hapo, chora alama mpya kwa msumeno mwembamba, na ile ya zamani uisage isije ikamdanganya fundi mwingine.

Hatua ya 11: Washa na ujaribu

Chomoa waya wa solenoidi inayokata dizeli kwenye pampu ili injini izunguke bila kuwaka. Piga stata kwa sekunde 15 tu, ipumzishe dakika moja, rudia hadi geji ya oili ipande. Isipopanda baada ya mara nne au tano, acha kabisa na ukague bomba la kunyonyea. Ikipanda, rudisha waya, washa, iache ipate joto kwa mwendo wa chini na ukague ukingo wote kwa tochi.

Kisha rudisha mabapa yote ya springi, shokomzoba na magurudumu, ukaze U-boluti, ndipo ulipeleke gari kwenye mteremko mkali, ulikinge magurudumu kwa mawe, na uache injini iwake dakika moja pua ikiwa juu, dakika moja pua ikiwa chini. Rudia kwa kuzunguka duara la kubana kulia na kushoto, na kwa kufunga breki kwa nguvu. Sindano ya geji ikishuka ghafla katika mojawapo ya hali hizo, strena inabaki wazi, na unapaswa kurudi Hatua ya 8 kabla ya kusafiri.

Mwishoni paka chini ya sampu rangi nyeupe. Endesha kwenye barabara mbovu kwa siku chache na uchungulie: rangi ikiwa nzima, difu haijafika. Baada ya kilomita 500 mwaga oili kupitia kitambaa cheupe, kata chujio kwa msumeno, na utandaze karatasi yake juani. Vumbi la chuma la mshono huonekana pale kama mchanga mweusi. Likiwa dogo, weka oili na chujio vipya. Likiwa na chembe zinazong'aa kwa rangi ya shaba, hizo ni za beringi, na sampu inashuka tena siku hiyohiyo.